Mkono Chini ya Kitambaa

Ornella alimmiminia Fulgenzio, mwenye mkahawa, divai huku kiganja kikitazama juu, na watu wa meza ya jirani wakageuka kutazama.

"Wee mama!" Fulgenzio akacheka. "Hapa Bologna ukimmiminia mtu hivyo, umemtangazia vita."

"Nisamehe, bwana. Mimi mgeni wa siku mbili tu. Tena leo natumia mkono mmoja."

Wa kushoto ulikuwa umelala mapajani, chini ya kitambaa, tangu alipoketi.

Fulgenzio hakumtambua. Miaka kumi na tisa iliyopita, jikoni mwa mkahawa huo huo, mashine ya kusaga nyama ilipomjeruhi Ornella, Fulgenzio alimfukuza mbele ya wenzake hata damu haijakauka. "Nenda kapike uji," alimwambia. Siku hizo nywele za Ornella zilikuwa nyeusi. Maneno yale aliishi nayo, na leo alikuja kuyarudisha.

Tortelini zikaletwa, vile vipete vya unga vyenye nyama ndani, zikielea kwenye supu ya jogoo. Ornella akala polepole, akashushia divai, akafumba macho.

"Umeona zilivyo ndogo?" Fulgenzio akavuta kiti. "Kila mwanamke huzizungushia kidole chake, na kidole ndicho kipimo. Ndogo namna hii hakuna mwingine awezaye. Watu wanatoka Milano kuzifuata!"

"Nani huyo fundi?"

"Mjane mmoja wa Modena. Huzituma kila asubuhi kwa treni. Mwenyewe sijapata kumwona." Akashusha sauti. "Usinitangaze, mama. Mtu wa Bologna kulishwa na mahasimu wetu wa Modena, si nitazomewa!"

"Na kesho?"

"Kesho majaji wa jiji wanakuja kuonja. Nikishinda, jina langu litachongwa ukutani pale kwenye uwanja mkuu wa jiji. Nimelingoja maisha yangu yote."

Akainua glasi aliyomiminiwa, akaimaliza kwa mkupuo mmoja. Ornella akaitazama divai ikishuka kooni.

"Mbona unanikodolea hivyo?"

"Kesho hazitakuja, bwana."

"Nini hazitakuja?"

Ilikuwa imebaki tortelini moja ukingoni mwa bakuli. Ornella akautoa mkono wa kushoto chini ya kitambaa, akaiokota ile tortelini, akaivika kwenye kipande cha kidole cha mwisho, kile kilichobakizwa na mashine.

Ikamkaa kama pete.