Mikono Chini ya Mapaja

Katika maabara ya kompyuta ya chuo kikuu, Dakta Salha alikuwa na sheria moja: msimamizi wa jaribio akalie mikono yake, asije akashindwa kujizuia akasaidia. Alitaka kujua kama somo la kompyuta alilolitengeneza linawafaa wasioona, si kama wasimamizi wana huruma.

Leo aliyevaa hedifoni alikuwa mumewe, Tuwaha. Tangu apofuke, hata vifungo vya shati alifungiwa na yeye Salha.

Tuwaha alibonyeza kibodi, akakosea. Akarudia, akakosea tena.

"Mama Tausi, upo?" alimwita mkewe.

Alikuwepo, nyuma yake tu, mikono imeshaanza kufa ganzi. Akaikalia kwa nguvu zaidi.

"Haya, bwana." Tuwaha akashusha pumzi, akaanza upya, akizipapasa herufi moja moja, mpaka sauti masikioni ikamwambia somo limekwisha. Akacheka peke yake.

Akavua hedifoni, akasimama. Akashika ukingo wa meza, akaufuata hadi ukutani, na ukuta ukampeleka mlangoni.

Jaribio lilikuwa limekwisha. Salha alikuwa bado amekalia mikono yake.