Mgongo wa Fundi Bomba

Mtoto alikuwa amejifunza kuvuta kigoda, kupanda juu yake na kunyoosha mikono. Ndivyo alivyomkumbatia baba yake siku hizi: baba amesimama wima kama mlingoti, yeye anamning'inia shingoni bila miguu kuachia kigoda.

Baba huyo mtaa mzima ulimwita Fundi Bomba. Aliajiriwa na idara ya maji, akiunga mabomba ya serikali, mpaka siku bomba la chuma lilipochomoka kwenye mnyororo likamwangukia mgongoni akiwa ndani ya mtaro. Idara ilimpa pole na likizo. Fidia, aliambiwa, ni mpaka bodi iridhike.

Na bodi haikuridhika. Picha za hospitali hazikuonyesha mfupa uliovunjika.

"Sasa maumivu nayo hupigwa picha?" mkewe alimuuliza karani dirishani. Karani alitabasamu, akamwita anayefuata.

Aliyewasaidia ni dada mmoja wa chama cha wafanyakazi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapigania walioumia kazini. Alihangaika mpaka wakapewa tarehe ya kusikilizwa. Kisha akamkazia Fundi macho.

"Kaka, nisikilize vizuri. Usinyanyue hata kiti. Huo mgongo sasa ni kesi."

Fundi alicheka. "Huku kwetu nani ataniona?"

"Wewe usinyanyue tu."

Hakunyanyua. Alishinda kibarazani huku mkewe akikanyaga cherehani ndani mpaka miguu inavimba, maana ndiyo iliyowalisha. Upweke ulimtafuna. Kwa hiyo alifurahi mpangaji mpya alipohamia chumba cha mkabala: bwana mwembamba, mpole, mwenye vioo vinene machoni. Watu hawakuchelewa kumwita Miwani. Alisema kazi yake haina saa maalumu, mguu ndani, mguu nje. Kila asubuhi alivuka barabara, akaketi na Fundi, wakapiga soga.

"Mgongo umeamkaje, kaka?"

"Huo? Umeamka kabla yangu."

"Kwa hiyo hata ndoo hubebi?"

"Ndoo! Mwanangu mwenyewe simbebi."

Miwani alitikisa kichwa kwa huruma. Mke wa Fundi naye alimzoea upesi. Suruali yake ilipochanika aliishona, akakataa malipo.

"Shemeji, mnanidekeza," alisema Miwani, akitazama chini.

Ikaja mvua ya kutwa. Mbele ya nyumba, vibarua wa idara walikuwa wameacha mtaro wazi. Maji yaliufunika mpaka usingejua barabara ni ipi na shimo ni lipi. Fundi alikuwa kibarazani alipomwona Miwani akivuka mbio, gazeti kichwani. Mara Miwani hayupo. Gazeti likabaki linaelea.

Fundi alipiga kelele. Milango yote ilikuwa imefungwa, mvua inaunguruma juu ya mabati. Hata mkewe hakusikia. Alitazama huku na huku. Hakuna mtu. Mkono mmoja uliibuka majini, ukashika hewa, ukazama.

Alishuka.

Ukuta wa mtaro ulikuwa umemeguka na udongo umembana Miwani miguu. Fundi alizama, akaufukua kwa vidole, akaingiza bega chini ya kifua cha yule bwana na kumsukuma juu, juu, mpaka ukingoni. Ndani ya mgongo wake kitu kilikatika kama ukuni mkavu.

Miwani alitapika tope, kisha akamvuta mwenzake kutoka majini na kumkumbatia huku analia. "Kaka, umenirudishia roho yangu. Nikikusahau, nilaaniwe."

Fundi alijaribu kuinuka. Miguu yake ilikuwa haimsikii tena.

Tangu siku hiyo alilala chali, akigeuzwa na mkewe kama mtoto mchanga. Miwani alikuja mara moja tu, akasimama mlangoni, akashindwa kuingia. Wiki hiyohiyo alihama bila kuaga.

"Usimlaumu," mke alisema. "Wengine shukrani huwaelemea."

Siku ya bodi, chama kiliwaazima kiti cha magurudumu. Walipoingia tu, mke alimfinya mumewe bega.

"Tazama! Amekuja!"

Miwani alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani, amefunga tai. Mke alimpungia mkono. Yeye akainamia viatu vyake.

"Mnamjua yule?" aliuliza dada wa chama.

"Ni kama ndugu yetu," mke alinong'ona, machozi yakimlenga. "Ndiye aliyeona kila kitu. Leo tuna wa kutusemea."

Dada wa chama aligeuka kulitazama lile benchi.

Mwenyekiti aligonga meza. "Aitwe mpelelezi wa bodi."

Miwani akasimama.

"Umekaa mkabala na mdai kwa muda wote tuliokutuma," alisema mwenyekiti. "Tuambie. Umewahi kumwona akinyanyua kitu kizito?"

Miwani alivua miwani, akaifuta taratibu, akaivaa. Hakugeukia upande wa kile kiti.

"Nimewahi, mheshimiwa."

"Kitu gani?"

"Mimi."