Twiga Mkagua Matope

Wewe ukimtuma Twiga akakague matope, unategemea nini?

Wanyama wa bondeni walimtuma. Masika yalikaribia, nao walitaka kujua ni wapi udongo hunywa maji mpaka ukashindwa, wasije wakahamishia watoto huko. Twiga akarudi na ramani: kwenye matete ni pakavu, hamieni.

Panya Buku, aliyekuwa na mimba, akauliza, "Mzee, matete yameanza lini kuota pakavu?"

"Binti, umesomea wapi?"

"Sijasoma, nachimba. Pale hata shimo la kina cha kiwiko linajaa maji."

"Shimo si ramani," akasema Twiga, na wote wakacheka. Panya Buku akaenda kuchimba mteremkoni peke yake.

Baada ya mvua ya tatu, Twiga akaingia kwenye matete kuwaonyesha wenzake uimara wa ardhi. Hatua ya nne akazama hadi magotini. Nyati akamtupia kamba, lakini hakuvuta.

"Kesho watoto wetu wanalala hapo, Mzee. Ulipapimaje?"

Matope yakafika tumboni.

"Sikushuka," akasema Twiga. "Nilitazama kutoka kilimani, nikaona kijani kinapendeza."