Mapigo Mia kwa Dakika

Leseni yangu ya urubani ni ya hapa Tanzania. Ili wenye nchi ya kigeni ninakorusha ndege waitambue kwenye anga lao, lazima nivae bangili yao inayopima mapigo ya moyo, hata nikiwa nyumbani. Kwa mwaka nimeruhusiwa kuvuka mapigo mia mara moja tu; nikirudia, cheti cha afya kinafutwa. Nafasi yangu niliimaliza Februari, mwanangu Nakunda alipoungua na uji.

Jana waliniongezea cheti mwaka mmoja, nikarudi nyumbani Same. Mume wangu, Mbonea, akanishika mkono.

“Mama yako tulimzika Machi. Tulingoja upate cheti kipya ndipo tukuambie.”

Miezi saba nimekuwa nikimtumia mama salamu, na mtu alikuwa akinijibu.

Mbonea alikuwa anatazama bangili.

“Tisini na sita,” akasema. “Jikaze, Mama Nakunda. Mwaka ndio kwanza unaanza.”