Banda Lililobaki

Mgeni hakupiga hodi. Alisukuma lango la mabati akamkuta fundi viatu kaketi uani juu ya kigoda, kiatu mapajani, uzi mdomoni.

"Mimi afisa ustawi. Nimeambiwa mnaishi wawili hapa, wewe na mama yako mzazi. Na mmoja wenu analala kwenye banda lile."

Fundi alitema uzi. "Majirani hao. Midomo yao haina kufuli. Ndiyo, dada, analala."

Alivyokiri bila haya, afisa alichemka. Nyuma ya fundi ilisimama nyumba mpya, ndogo, bado inanukia rangi. Pembeni yake, banda la mabati yaliyotoboka.

"Unajua maana ya banda wewe?" alifoka. "Baba yangu alikuwa mwashi. Banda ndilo hutangulia kiwanjani, saruji isinyeshewe. Nyumba ikiisha, linabomolewa. Ndiyo asili yake: kitu cha kupita. Hili lako mbona lipo?"

"Kuna ahadi."

"Ahadi ya kulaza mtu na sepetu?"

"Dada, umekuja kuuliza au kuhukumu?"

Afisa alikuwa keshaingia bandani. Sakafu ya udongo. Sufuria imejaa maji ya mvua ya jana. Kitanda kilikuwa kifupi, na mwisho wake limewekwa kreti la soda la kupokea miguu. Machozi ya hasira yalimlenga. Mama wa watu! Kazaa, kalea, leo hana hata pa kunyooshea miguu!

"Namchukua leo hii," alisema akitoka. "Na wewe utajieleza mbele ya wakubwa. Yuko wapi?"

Kitasa cha nyumba kililia. Akatoka bibi mdogo kama mtoto wa shule, ufunguo ukining'inia shingoni.

"Nani anamfokea mwanangu?" Hakungoja jibu, akamgeukia fundi. "Na wewe, wingu hilo huoni? Leo lala ndani. Mimi nimezeekea kwenye mabanda ya matajiri zangu wala sikufa. Wewe unakohoa."

"Chumba ni kimoja, mama. Nilisema kitakuwa chako peke yako."

Tone la kwanza liligonga bati. Fundi aliweka kiatu chini, akainuka. Akazidi kuinuka, mpaka afisa akalazimika kutazama juu. Kisha akajikunja mara mbili, akaingia bandani kumwaga sufuria.