Manyoya ya Kanga

Sikilizeni, maana Mbuni mwenyewe hataisimulia.

Mbuni alimleta Kanga kutoka ng'ambo amlelee vifaranga. Siku ya kwanza tu alimng'oa manyoya ya mabawa, akayafungia sandukuni. "Nakutunzia yasipotee," alisema. Jina hakumuuliza, akawa anamwita Wewe. Kanga alizunguka ua kutwa, vifaranga nyuma yake, macho yake juu ya ukuta.

Siku moja, Kanga akiwa anafua mazulia, mbweha aliingia uani. Mbuni akajifungia ndani, akawaita wanawe kutoka dirishani. Hakuna aliyegeuka, kwa kuwa hawakuijua sauti yake.

"Wewe, walete."

"Kwa miguu simuwahi mbweha, bosi. Nipe manyoya yangu."

Mbuni akayatupa dirishani. Kanga akayavaa, akaruka, akalia mara moja tu. Vifaranga wote wakamkimbilia, akawafikisha mlangoni wakaingia salama.

"Haya, rudisha manyoya," Mbuni akasema, akihema.

Kanga alikuwa ameshatua juu ya ukuta. "Nitayatunza mwenyewe, bosi."

Vifaranga wakajazana dirishani. "Mama anakwenda wapi?"

"Mama yenu ni mimi," alisema Mbuni nyuma yao.

Hakuna aliyegeuka.