Klabu Isiyokaa na Jina Moja

Valizi zilikuwa zimeshafungiwa kwenye buti, na gari lilikuwa limeshaiacha Smithfield, mtaa wao wa Sydney, nyuma, pale Nduwimana alipowasha indiketa na kusimama kando ya barabara.

"Kabla sijaendelea," alisema, "nataka kuuliza tena."

"Papa, please," Lyse alilalamika kutoka nyuma. "We're gonna miss it."

Mbele, pembeni yake, alikaa Mzee Bogdan, Mpolandi mwenye nywele nyeupe, aliyefanya naye kazi kwenye ghala moja la Wetherill Park mpaka akastaafu. Nyuma, magoti yakikaribia kidevu, alikaa Fiacre, kijana wa mita mbili na kitu. Bogdan alimwona akicheza mpira wa kikapu kwenye ukumbi wa vijana, akapiga simu kwao, na klabu yake ya zamani ikaleta mkataba, viza na tiketi. Fiacre asipopanda ndege ya leo, nafasi anapewa mwingine, na yeye anaanza kuendesha foklifti ghalani Jumatatu. Nduwimana, baba yake wa kambo, hakuamini mkataba, wala viza, wala tiketi.

"Uliza," alisema Bogdan kwa Kiingereza chake cha kukwaruza.

"Hiyo klabu inaitwaje?"

"Leo au zamani?"

"Umesikia!" Nduwimana alimgeukia mkewe, Verdiane, kule nyuma. "Mtu mzima anaulizwa jina, anajibu leo au zamani."

Bogdan alicheka, akaanza upya. Klabu ilianzishwa na watu wa reli baada ya vita, ikaitwa Kolejarz, yaani mtu wa reli. Walichezea ndani ya karakana ya mabehewa, na jiko la makaa nyuma ya goli la kikapu. Ubingwa wa nchi waliuchukua mara moja tu, Bogdan akiwa benchi na jezi kavu. Halafu serikali ya zamani ikaanguka, reli ikaishiwa, kiwanda cha soseji kikaichukua klabu na kuipa jina lake. Kuna miezi wachezaji walilipwa soseji. Kiwanda kikafilisika, ikaja kampuni ya rangi. Sasa ni ya betri.

"Ukumbi ni uleule, mashabiki ni walewale," alisema. "Jina ni la anayelipa."

"Wa kubadili majina hivyo huwa anakimbia polisi."

"Papa Lyse, endesha gari," alisema Verdiane.

Alishamzoea. Walikutana hapahapa Sydney, yeye mjane mwenye mtoto, Nduwimana mgane aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Kigoma, na tangu siku hiyo hajamwona mumewe akimwamini mtu, kuanzia msoma mita mpaka mchungaji. Simu yake aliibandika plasta kwenye kamera. Ubatizo wa Lyse foto zote alizipiga mwenyewe, kwa hiyo hamo hata moja. Vita vinaharibu watu, Verdiane alikuwa akijiambia, na huyu angalau havikumharibu moyo: alimlea Fiacre kama wake.

"La mwisho," alisema Nduwimana. "Kwenye huo mji kuna Warundi wenzetu?"

"Hakuna hata mmoja," Bogdan alijibu kwa huruma. "Hapo atapata shida kidogo."

Nduwimana alishusha pumzi, akarudisha gari barabarani.

"Sasa si hapo ndipo ungeogopa?" Verdiane alimshangaa.

Nduwimana aliongeza mwendo mpaka eapoti.

Mizigo ilipopimwa, Bogdan alitoa simu. Klabu inaomba foto ya familia ikimuaga kijana, iwekwe kwenye ukurasa wao.

"Ukurasa gani? Unaonwa na nani?"

"Na kila mtu, rafiki yangu. Ndiyo maana ya ukurasa."

"Basi lete simu, nipige mimi."

Fiacre aliweka begi chini.

"Hapana, Papa. Kwetu mtoto hatolewi na mama peke yake. Baba ndiye anamkabidhi. Usiponikabidhi, siendi."

"Usiniletee utoto hapa."

"Siendi. Jumatatu nakuja na wewe ghalani."

Foleni ya nyuma ilianza kunung'unika. Verdiane alimtazama mumewe, na Nduwimana akatazama milango ya kioo kana kwamba kuna mtu anaingia. Halafu akasogea. Akamshika kijana mkono wa kulia, mkono wake wa kushoto ukishikilia kiwiko chake mwenyewe kama anavyofanya mtu anayetoa kwa heshima, akamweka mbele ya Mpolandi.

"Kofia, Papa," alisema Fiacre.

Akaivua. Lyse, aliyepewa simu ya Bogdan, akapiga foto.

"Papa, are you crying?"

"Ni hii baridi yao ya mashine," alisema Nduwimana. Kisha kwa Bogdan: "Wewe mzee, huyu akipotea nitakuja mlangoni kwako."

Hakupotea. Fiacre anacheza huko mpaka leo, na ukumbi mzima unaliimba jina lake kwa matamshi ya kuchekesha. Bogdan anaamka kuangalia kila mechi. Foto ilisafiri kuliko mchezaji: Warundi wa Brisbane, wa Ottawa na wa Bujumbura waliitumiana kwa fahari, kwamba jamani, kumbe bado wapo wazazi wanaojua kukabidhi mtoto. Verdiane yuko Smithfield na Lyse. Nduwimana anapanga chumba Kensington, upande wa pili wa jiji, kwenye nyumba ya wanafunzi. Mwanamke anayeitwa Consolate bado yuko kambini Kigoma, na chini ya ile foto aliandika kwamba anamshukuru Mungu: mume wake aliyechukuliwa na mto Malagarasi, ambaye matanga yake alishayaanua, yu hai, na amenenepa.